Mtu Aliyesimamisha Pambano Langu

Mtaa mzima wa Majengo, pale Goma, ulimwita Arbitre, yaani mwamuzi. Hata mke wake alimwita hivyo anapomwita kula. Jina lake halisi nalijua, lakini sitaliandika. Nililitaja mara moja mbele ya watu wengi, na ile mara moja ilitosha.

Kazi iliyomlisha ilikuwa kushona viti vya magari. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, na mbele ya mlango alipanga viti vya mabasi vilivyochanika, safu kwa safu, hata mpita njia akadhani kuna basi lisiloonekana linalongoja kuondoka. Wazee walikuja kuvikalia na kubishana habari za mpira. Yeye alishona akiwa amesimama, mdomo umejaa sindano, na mtu akimuuliza swali alijibu kwa nyusi.

Alikuwa mfupi, mabega mapana, sikio moja limevimba kama uyoga tangu enzi zake za judo. Siku za mapambano alivaa shati jeupe la mikono mirefu alilolipiga pasi mwenyewe, na tai ya kipepeo aliyoishona kwa skai nyeusi, ile ngozi ya bandia, iliyobaki kwenye kiti cha Fuso. Tulimcheka kwa ile tai. Hakuivua.

Mchezo wetu ulikuwa ule wa kuchanganya ngumi, mateke na kukabana chini. Kwenye mabango waliandika herufi tatu za kigeni, lakini sisi tulisema libre tu. Hatukuwa na ngome ya waya kama ile ya kwenye televisheni. Tulikuwa na magodoro ya turubai, yaliyojazwa maranda ya mbao na kuzungushiwa kamba ya lori. Magodoro hayo aliyashona Arbitre. Mkanda wa ubingwa aliushona yeye pia, skai nyekundu na kipande cha shaba mbele. Ukipigana Goma miaka ile, ulianguka juu ya kazi ya mikono yake.

Kabla ya pambano alikuwa na desturi moja. Alisimama mbele yako, akatoa kikata kucha mfukoni, akasema, "Mama, mikono." Nilikuwa na miaka kumi na sita na aliniita mama, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita wasichana wanaowaheshimu. Alikagua kucha moja moja. Ikizidi kidogo, aliikata mwenyewe hapo hapo, polepole, ukumbi mzima ukipiga miluzi ya kutaka mchezo uanze.

Sisi wasichana, yeye ndiye aliyetuingiza. Waamuzi wengine wawili walikataa. Mmoja alisema dini yake hairuhusu kumshika mwanamke asiye wake, mwingine alisema atachekwa kazini. Arbitre naye alikuwa mtu wa msikiti, hakosi Ijumaa, na wazee wa msikiti walimfuata mpaka karakana wakamuuliza anatafuta nini kwenye mambo yale.

"Mi siangalii kama ni mwanamuke ao mwanaume," aliwaambia. "Mi naangalia shingo. Mukuye muone. Mukikuta zambi pale, mutanionyesha."

Wawili walikuja. Mmoja wao alirudi kila mwezi, na baadaye ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote.

Kuangalia shingo hakukuwa maneno ya mzaha. Mtu akishakabwa, Arbitre alilala kifudifudi kando yenu, uso wake karibu na uso wa aliyekabwa, na akapitisha kiganja chake chini ya mkono wa huyo aliyekabwa. Mchezaji aliyezidiwa hugonga kwa vidole au kwa kiganja, mara mbili au tatu, na hapo pambano limekwisha. Wengi hugonga kwa nguvu, kila mtu akaona. Lakini kuna wanaogonga kwa haya, kidogo tu, wakitumaini hakuna atakayejua. Ni kwa ajili ya hao aliweka kiganja chake pale. "Uko?" alikuwa akiuliza. "Uko, mama?" Akihisi kugongwa, aliinuka na kuwatenganisha, na hakueleza lolote kwa mtu yeyote. Hakumnyooshea mchezaji kidole kusema amekubali. Alisema tu, "Nimesimamisha."

Nilimwuliza mara moja kwa nini haelezi. Akatoa sindano mdomoni. "Mutu akikubali kushindwa mukononi mwangu, ile ni yake," alisema. "Mi siko mutangazaji."

Na mtu huyo, aliyekata mambo ya watu wazima wawili kwa sekunde moja, hakuweza kuchagua nyanya. Nilimkuta sokoni Birere akishika nyanya moja, akairudisha, akashika nyingine, mwenye meza amekwisha kuchoka, mpaka mke wake akaja na kutia nyanya sita kwenye mfuko bila kuziangalia. Nyumbani mambo yote aliamua mke. Tulimwita Mama Arbitre. Alikuwa mrefu kuliko mumewe, aliuza sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, mlangoni pa nyumba yao, na alikuwa na tabia ya kumwuliza mtu swali lile lile mara nyingi mpaka aridhike. "Umekula?" Nimekula, Mama. "Umekula nini?" Wali. "Na nini?" Ulimwambia mpaka chumvi.

Arbitre alikuwa pia mwoga wa mlima. Anga ikiwa nyekundu juu ya Nyiragongo, mlima wetu wa moto, alilala na suruali na viatu. Wakati wa mlipuko ule wa kwanza, nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi, moto uliteremka katikati ya mji, na Majengo walikimbia. Arbitre alirudi kuokoa cherehani. Alionekana akikimbia nayo kichwani, jasho linamtoka, mpaka Gisenyi, upande wa Rwanda. Alipoitua, mke wake akaiangalia.

"Hii si ya kwetu."

Ilikuwa ya fundi jirani. Yake mwenyewe iliteketea. Walipomuuliza ilikuwaje, alisema ile ya jirani ilikuwa karibu na mlango. Kwa miaka mingi kisa hicho kilisimuliwa Majengo kama kichekesho. Mimi nilikicheka na wengine.

Kuna kisa kingine ambacho hakichekeshi, na lazima nikiseme, kwa sababu mimi nilikiona kwa macho yangu na kwa hiyo sina udhuru. Katika mashindano ya wanaume, afisa mmoja mwenye silaha alikaa kiti cha mbele kabisa. Mlinzi wake alikuwa anapigana siku ile, naye akashindwa waziwazi. Kabla Arbitre hajainua mkono wa mshindi, yule afisa akamwita kwa kidole. Akamwambia kitu. Arbitre aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia vizuri, akarudi katikati, akainua mkono wa yule aliyemshinda mlinzi. Kisha akaenda kukaa kando ya afisa yule, akaanza kumweleza kanuni: hii inaruhusiwa, hii hairuhusiwi, mguu ukiwa hivi, kiwiko kikiwa vile. Alimweleza kwa utulivu na kwa urefu mpaka afisa akachoka akaondoka. Arbitre aliposimama, tuliona suruali yake imelowa jasho mpaka magotini.

Nilijua, basi. Nataka hilo lieleweke. Nilijua huyu si mtu wa kununuliwa.

Mimi ni binti wa karani. Wazazi wangu ni Wakatoliki waliotoka upande wa Bukavu. Baba yangu aliandika hati za watu katika ofisi ya serikali kwa mwandiko mzuri sana, na hakutaka kusikia habari za libre. Alisema sikulelewa ili nigaragare mbele ya watu. Miaka mitatu nilipigana na hakuja hata siku moja. Mpinzani wangu mkubwa alikuwa Aziza, msichana wa Majengo, binti wa dereva wa malori, mwenye mikono mirefu na tabasamu la kuudhi.

Mara ya kwanza tulipogombea mkanda, mimi nilishinda. Nilimbana mkono, Arbitre akalala kando yetu, kisha akasimamisha. Aziza aliinuka akilia kwamba hakukubali. Watu wa Majengo, majirani wa Arbitre mwenyewe, walimtukana mpaka nyumbani kwake. Juma zima hakuna aliyenunua sambaza za mke wake. Nilikwenda kumpa pole. Aliniambia nirudi nyumbani nikafanye mazoezi ya shingo, kwa sababu shingo yangu ilikuwa nyepesi.

Sikufanya.

Marudiano yalipangwa miezi kadhaa baadaye. Wanaume wa uzito mkubwa nao walikuwa na marudiano yao siku hiyo hiyo, na mabango yakabandikwa kila ukuta: Usiku wa Mabingwa, Revanche Mbili. Lakini ule usiku ulianza saa saba mchana. Waasi walikuwa wamekwisha kushika kambi ya jeshi ya Rumangabo, malori ya askari yalipita mchana na usiku, na jua likizama hakuna aliyeruhusiwa kuwa nje. Watu walifunga madirisha ya ule ukumbi wa shule kwa mablanketi ili pawe na giza kidogo, pafanane na usiku. Walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya makabati ya shule. Nadhani mji ulitaka kutazama vita ambavyo kuna mtu wa kuvisimamisha.

Na baba yangu alikuja.

Nilimwona nikiwa ninakatwa kucha. Alikuwa amevaa koti lake la ofisini na amekaa mstari wa tatu, magoti pamoja, kama mtu aliye kanisani. Sikujua nani alimshawishi. Mpaka leo sijui. Moyo wangu ulikwenda mbio kuliko ambavyo ungekwenda kwa ajili ya Aziza.

Raundi ya kwanza ilikuwa yangu, ya pili yake. Katika ya tatu niliteleza, Aziza akaingia mgongoni mwangu, na mkono wake mrefu ukapita chini ya kidevu. Nilijua mara moja. Shingo nyepesi. Kelele za ukumbi zikaanza kwenda mbali. Nikaona sikio lililovimba karibu na uso wangu, nikasikia, "Uko? Uko, mama?" Kiganja chake kilikuwa chini ya vidole vyangu. Niligonga. Niligonga kidogo, kwa ncha za vidole, mara mbili, ili baba asione.

Arbitre akainuka. "Nimesimamisha."

Pumzi iliporudi, kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa sauti ya baba. Alikuwa amesimama juu ya kiti, yeye, karani, na koti lake, anapiga kelele: "Hakugonga! Binti yangu hakugonga!" Watu wa mtaa wetu wakaidaka. Hakugonga! Hakugonga! Wote wakanitazama mimi.

Nikatikisa kichwa. Hapana, sikugonga.

Sikupanga. Ilikuwa kichwa tu, kilikwenda kushoto na kulia. Arbitre aliniona. Aliinua mkono wa Aziza, akamfunga mkanda, na viti vikaanza kuruka.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nikingoja maji kwenye bomba, na wanawake wakasema nyumba ya Arbitre ina mabati mapya. Ni kweli, ilikuwa na mabati mapya, yanang'aa, Majengo nzima imeyaona. Mchana huo redio moja ya mji ikaniita. Mtangazaji akaniuliza: kama hukugonga, kwa nini mwamuzi asimamishe? Baba alikuwa amekaa nyuma ya kioo, ameweka mikono kwenye magoti, ananitazama kwa fahari ambayo sikuwahi kuiona machoni pake. Nikataja jina la Arbitre, jina lake lote, nikasema:

"Mumuulize mabati ya nyumba yake ilitoka wapi."

Hayo ndiyo maneno yangu. Ni machache sana.

Walimwita naye redioni, wakamuuliza. Alisema mwenye basi mmoja alimpa mabati yale kama malipo ya kushonewa viti vyote. Yuko wapi huyo mwenye basi? Alikuwa amepakia familia yake katika basi hilo hilo, akakimbia vita kwenda Bukavu, na hakuna aliyejua alikofika. Watu wakacheka. Na kuhusu pambano? "Nilisimamisha," alisema. "Arbitre anasimamisha." Hakuongeza. Nilisikiliza nikiwa jikoni, na nilikuwa na hakika kwamba sentensi itakayofuata itakuwa ile ya kiganja. Haikuja. Kamati ya mchezo ikamwambia apumzike mpaka mambo yapoe. Hakusimama tena katikati ya magodoro aliyoyashona.

Kisha waasi wakaingia mjini. Siku zile za kwanza hakukuwa na polisi wala hakimu, kila mwenye kinyongo alikwenda kukimaliza. Vijana walikwenda kwa Arbitre mchana kweupe wakang'oa mabati yote, wakiyaita bati za Aziza. Baadhi yao walikuwa wa mtaa wetu. Nililiona bati moja likipita mbele ya mlango wetu kichwani mwa mtu ninayemjua. Ulikuwa msimu wa mvua. Watu waliokuwa karibu walinisimulia kwamba Arbitre na mke wake walikaa usiku ule chini ya viti vya basi, wamevipindua vikawa kama kibanda.

Wangeweza kuezeka tena. Lakini mtu akishaitwa mwizi katika mtaa mdogo, kila anayempita anamwangalia mifukoni. Wenye magari walipeleka viti kwa fundi mwingine. Mwisho wa mwaka walihama Majengo, wakajenga kijumba cha mbao Buhene, upande wa mlima. Yeye, mwoga wa mlima.

Aziza alikuja kwetu siku moja. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Furaha, unajua," alisema.

"Najua nini?"

"Unajua." Akaenda. Baadaye nilisikia aliolewa Uganda na akaacha mchezo. Mimi pia niliacha. Nilisema ni kwa sababu ya udhalimu niliotendewa, na baba aliwaambia wageni hivyo hivyo.

Mara mbili katika miaka ile nilimwona Arbitre mjini. Mara ya kwanza alikuwa Birere amebeba gunia la maranda. Nikaingia duka la vitambaa, nikauliza bei ya kitenge ambacho sikukihitaji, mpaka akapita. Mara ya pili yeye aliniona kwanza. Aliinua mkono kunisalimu, kama ambavyo angemsalimu mtu yeyote. Nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Mlima ulipolipuka tena, nilikuwa na mume na watoto wawili. Tulikimbilia upande wa Sake na makumi ya maelfu ya wengine. Asubuhi tukasikia moto umesimama Buhene. Watu walishukuru kwamba haukufika mjini. Nilikaa kando ya barabara, mtoto mgongoni, nikahesabu: nisingesema yale maneno, wangekuwa Majengo. Majengo haikuguswa. Hesabu hiyo ni fupi, na nimeirudia mara nyingi, na kila mara inatoka vile vile.

Hata hivyo sikwenda kumtafuta. Baba alikuwa bado hai.

Baba alikufa mwaka uliofuata, akiwa kitandani, akili yake nzima. Juma lake la mwisho alimwambia muuguzi, akinionyesha, kwamba binti huyu aliwahi kukabwa mbele ya mji mzima na hakukubali. Muuguzi akanisifu. Nilimpa baba maji.

Miezi michache baada ya mazishi, vita vilirudi Rutshuru, na watu wakamiminika kwenye kambi ya Kanyaruchinya na magodoro vichwani. Parokia yetu ikakusanya nguo na sabuni, nami nikaenda na kundi la akina mama kuzigawa. Katikati ya mahema mapya kulikuwa na safu za vibanda vya mbao vya wale waliounguzwa na mlima, waliotangulia kukaa pale. Nilikuwa ninapita na kapu la sabuni nilipomwona mzee amekaa kwenye jiwe, anashona mkoba wa shule wa mtoto wa mtu, sindano mbili mdomoni.

Hakuwa na meno ya mbele. Mabega yalikuwa yale yale.

"Mama Furaha," alisema, kana kwamba tulionana jana. "Ikala."

Nikakaa chini. Alimaliza mshono, akakata uzi.

"Papa yako iko?"

"Alikufa, Papa Arbitre. Iko miezi michache."

"Pole. Pole sana." Akazungusha uzi uliobaki kidoleni. "Alikuwa anakupenda. Ile siku alipanda juu ya kiti."

Nilikuwa nimejiandalia hotuba kwa miaka. Ilinitoka yote kichwani, nikabaki na neno moja.

"Niligonga."

"Najua."

"Niligonga mara mbili."

"Tatu," alisema. "Ya tatu haukuijua. Ulikuwa umekwisha kulala."

Nikalivuta kapu karibu. "Juu ya nini haukusema? Ungesema tu. Ile siku redioni nilikungoja useme."

Aliitazama sindano, akaichomeka kwenye kola ya shati. "Nilikuya kwenu," alisema. "Haukujua? Ile juma redio ilisema. Papa yako njo alinifungulia mulango. Wewe haukukuwako. Nilikuya na hasira, nilitaka kumwambia yote. Yeye hakunitukana. Alinipa kiti. Akaniambia, Muzee, umekosea, lakini nakushukuru, juu kama haungekosea, singejua nimezaa mutu wa namna gani." Arbitre akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Nikakunywa maji yake. Nikarudi."

Baba hakuniambia kamwe kwamba alikuja.

"Ulifanya vizuri kwa papa," nilisema.

"Hapana," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa kali. "Nilifanya mubaya. Niliogopa macho ya papa yako, nikasahau macho ya kwangu nyumbani. Unajua muke wangu aliniuliza mara ngapi? Mabati ilitoka wapi, Arbitre? Ni kweli ya mwenye basi, Arbitre? Mbele ya kulala. Asubuhi kwa chai. Miaka kumi. Moto ilikula nyumba, tuko tunakimbia, akaniuliza njiani. Ananipikia, ananifulia, hajaniacha. Lakini haniamini."

Nilitaka kusema samahani. Nililisema, nadhani, lakini halikuwa neno la kutosha hata kwangu niliyelisema. Yeye aliitikia kwa kichwa tu, polepole, bila kunisamehe na bila kukataa.

Mama Arbitre alikuwa nyuma yetu. Alikuwa amerudi kutoka kuteka maji, bidoni ya njano mkononi, na urefu wake haukupungua. Sijui alisikia kutoka wapi.

"Sema tena," aliniambia.

Nikainuka. "Mama, shikamoo."

"Sema tena ile ulisema."

"Niligonga. Siku ya revanche. Papa Arbitre hakudanganya. Nilishindwa kweli, nikagonga mukononi mwake, kisha nikakataa mbele ya watu."

"Na mabati?"

"Sikujua kitu ya mabati. Nilisikia kwa bomba, nikasema tu. Hakuna mutu alimununua."

"Kwa sauti."

Wanawake waliokuwa wakipita na bidoni zao walisimama. Hawakuwa watu wa Majengo. Walikuwa watu wa Rutshuru na Kibumba, hawakujua Aziza ni nani wala libre ni kitu gani. Waliosikia redio siku ile walikuwa wametawanyika, wengine wamekufa. Nilisema tena, kwa sauti, kwa watu ambao hayakuwahusu: kwamba mtu huyu alikuwa mwamuzi wa kweli, kwamba mimi nilisema uongo, kwamba walimng'olea nyumba kwa ajili ya uongo wangu. Mmoja wao alisema, "Aa, pole," na kuendelea na njia yake.

Mama Arbitre hakuwa akinitazama mimi. Aliitua bidoni, maji yakamwagika kidogo, hakujali.

"Nilikuwa nakuuliza," alimwambia mumewe.

"Nilikuwa nakujibu."

"Siku zote nilikuwa nakuuliza."

"Na mi siku zote nilikuwa nakujibu, mama."

Alikaa juu ya bidoni. Arbitre akajiinua kwenye jiwe kwa shida, akaenda akasimama kando yake, karibu sana, bega lake likagusa kichwa cha mkewe.

Nilisimama pale na kapu langu la sabuni, nikingoja wanifukuze. Hawakunifukuza. Walikuwa wamenisahau.